Mume Amerudi, Lakini Bado Hajafika

Mwezi huu utani utakuwa mchache, nivumilie. Nina deni, na deni lenyewe nililikopa hapahapa, kwenye kurasa hizi, mbele ya macho yako.

Kuna dada mmoja alituandikia barua. Mume wake ni askari, alikuwa amerudi kutoka ulinzi wa amani Kongo, na katika miezi minne aliyokaa nyumbani hakuwa amelala kitandani hata usiku mmoja. Alikuwa akilala sebuleni, kwenye kochi. Akiguswa anashtuka, akiulizwa anasema "niache". Bia zimeongezeka, maneno yamepungua. Simu anaenda kuzungumzia nje. Dada akauliza: nifanye nini?

Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wengine. Nikamwambia mwanamke mwenzangu amka, hapo pana nyumba ndogo. Nikamshauri abadilishe mapishi, atoe zile khanga za mwaka wa kwanza wa ndoa kabatini, achome udi, na usiku asisubiri kuitwa, amfuate hukohuko kwenye kochi. Nilijiona nimeandika vizuri sana. Pale ofisini watu walicheka, mmoja akaikata na kuibandika ukutani.

Wiki chache baadaye akanipigia simu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Dada, nilifanya ulivyoniambia," akasema. "Nilimfuata kwenye kochi. Nikamgusa bega akiwa usingizini." Kabla mume hajafumbua macho, mikono yake ilikuwa tayari shingoni kwa mkewe. Alipozinduka na kuona anachofanya, akatoka nje akakaa uani mpaka kukakucha. Asubuhi ndipo alipomwambia mkewe kwa nini anakikimbia kitanda. Alikuwa anaogopa siku moja atamuua.

Nyumba ndogo haikuwepo. Hata zile simu za nje, kumbe alikuwa akiongea na wenzake wa kikosi, nao hawalali.

Sitasema alikuwa kituo gani wala mwaka gani, tulikubaliana hivyo. Lakini historia yenyewe tunaijua sote. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098 na kuunda brigedi maalumu ya kwenda mashariki mwa Kongo. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na hawakutumwa kukaa kwenye mahandaki na kuangalia. Walitumwa kupigana. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, kundi la M23 lilishindwa, na sisi huku tukashangilia. Kisha ikaja tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa katika shambulio la usiku mmoja, na makumi wakajeruhiwa. Tuliona majeneza kwenye televisheni, tukalia, tukaandika "pumzikeni kwa amani". Halafu ikaja Krismasi.

Waliorudi wakiwa na miguu yao miwili hatukuwauliza kitu. Karudi mzima, tunasema. Mwandalieni pilau.

Niliposikia kisa cha yule dada sikulala vizuri, na si kwa sababu ya aibu peke yake. Nilimkumbuka baba yangu. Baba alipigana vita vya Kagera akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Tangu nipate akili, baba anaamka saa kumi usiku, anafungua redio kwa sauti ya chini na kukaa kwenye kiti chake pembeni ya mlango, akiuangalia. Baba hagusi nyama choma. Kwenye harusi, sahani ikipita, anasema ameshiba. Sisi watoto tulijua kwamba baba hashtuliwi kwa nyuma, kama vile watoto wengine wanavyojua kwamba mbwa wa jirani ni mkali. Mama alitufundisha kuita kwanza: "Baba, ni mimi." Hakuna aliyetuambia sababu, na sisi hatukuuliza. Nilidhani akina baba wote wako hivyo.

Kumbe jambo hili lina jina, na limekuwa likibadilishiwa majina kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1915, daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, Charles Myers, aliandika katika jarida la kitabibu kuhusu askari waliopoteza kumbukumbu na wasioona vizuri, ilhali mwilini hawana jeraha la kueleza hayo. Wakati ule walidhani ni mshindo wa mabomu umetikisa ubongo. Wengine wakasema ni woga tu. Jina tunalolitumia sasa, yaani ugonjwa wa msongo unaofuatia kiwewe, liliingia rasmi kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na walioligombania sana ni askari waliorudi kutoka Vietnam. Kuanzia mwaka 1970 kule New York, vijana wale walikuwa wakikutana kwa vikundi, wamekaa duara, wakizungumza wao kwa wao. Madaktari wa akili wawili, Robert Jay Lifton na Chaim Shatan, walialikwa waje kukaa nao. Ona basi: kikao kilikuwepo kabla ya jina, na wenye kikao walikuwa askari wenyewe.

Vita vya Kagera viliisha 1979. Baba aliwahi kuumwa mwaka mmoja kabla ugonjwa wake haujapewa jina.

Yule dada hakunipigia kunilaumu. Alipiga kunialika. Mume wake alikuwa ameandikishwa na mwenzake kwenye warsha ya siku tatu mjini Morogoro, ya askari waliostaafu na wale waliorudi kutoka misheni. Siku ya tatu wake wanaitwa. "Njoo usikie mwenyewe, dada," akasema, "ila usije na kamera." Nikaenda bila kamera, bila kinasa sauti, na daftari likabaki kwenye mkoba. Ninayoandika hapa wenyewe wameyasoma na kuyaruhusu, na mengine wameyakata.

Warsha ya ustahimilivu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye karatasi mlangoni. Nakiri neno lile lilinikera kidogo. Askari wa Kitanzania utamfundisha ustahimilivu gani tena? Hawa ndio ngangari wenyewe. Wamestahimili mpaka wamesahau kusema wanaumwa.

Kitu cha kwanza nilichokiona ukumbini ni viti. Mnasihi, mama mmoja muuguzi mstaafu mwenye sauti ya upole lakini usiyoweza kuikatiza, alikuwa amevipanga duara. Lakini duara lilikuwa limekatika upande mmoja. Akaninong'oneza kwamba siku ya kwanza wanaume 14 waliingia, na hakuna hata mmoja aliyekubali kukaa akiupa mlango mgongo. Badala ya kuwalazimisha, aliviondoa vile viti, duara likawa nusu mwezi, na likabaki hivyo kwa siku zote tatu.

Masharti yalikuwa machache. Kinachosemwa humu kinabaki humu. Hakuna cheo. Hakuna anayelazimishwa kusema. Mwenzake mnasihi alikuwa sajini mstaafu, mcheshi, kitambi mbele, na nadhani bila yeye wale wanaume wasingefungua midomo. Katikati ya maongezi embe likaanguka juu ya bati. Nilishtuka kama mtu yeyote, nikacheka. Wao hawakucheka. Wawili walikuwa tayari wamesimama, mmoja ameinama chini ya kiti, na mmoja, shemeji yetu mwenyewe, alikuwa amemkinga mkewe kwa mkono bila kujua. Sajini akasema polepole, kama anayesoma orodha ya majina: "Embe hilo, wazee. Tuko Morogoro. Leo Jumamosi." Ndipo wakacheka, wengine mpaka machozi.

Baadaye nilimuuliza yule mama kwa nini sajini alitaja mji na siku. Maelezo yake nilitamani ningeyasikia nikiwa na miaka kumi.

Kumbukumbu ya kawaida, alisema, ina anwani. Ukikumbuka harusi yako unajua ilikuwa wapi, mwaka gani, na unajua imepita. Lakini mtu akipitia hofu kubwa sana, mwili unaweka vitu vingine: harufu, mlio, baridi ya matope, mapigo ya moyo. Hizo wataalamu huziita kumbukumbu za moto. Zile za mahali na tarehe ni kumbukumbu za baridi. Kwenye kiwewe, za moto zinakatika na za baridi, zinabaki zinazurura hazina anwani. Ndiyo maana harufu ya dizeli, mvua ya usiku au mkono begani unaweza kuziamsha zote kwa mpigo, na mwili ukaamini kwamba lile jambo linatokea sasa hivi. Mtu anaweza akawa sebuleni kwake huku mwili wake uko msituni. Kumtajia mji na siku ni kumpa anwani.

Tiba inajengwa juu ya hilohilo. Zipo za aina kadhaa, lakini iliyotumika mezani kwa yule mama, au niseme sakafuni kwake, inaitwa tiba ya kusimulia. Ilibuniwa na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, akina Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, na moja ya sehemu za kwanza ilipopimwa ni hapa kwetu Afrika Mashariki, kambi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda. Matokeo yalichapishwa 2004. Wakimbizi 43 wa Sudan waligawanywa makundi matatu. Mwaka mmoja baadaye, katika kundi lililosimulia, karibu watatu tu kati ya kumi ndio waliobaki na ugonjwa. Katika makundi mengine mawili, waliopewa ushauri wa kawaida au elimu tu, walibaki kama wanane kati ya kumi. Mashariki mwa Kongo, mjini Goma, njia hiyohiyo imefanyiwa marekebisho kwa wapiganaji wa zamani, ambao mzigo wao una yale waliyotendewa na pia yale waliyotenda.

Inafanyikaje? Kwa kamba. Pale Morogoro walitumia kamba ya katani. Unaitandaza sakafuni, mwanzo ni siku uliyozaliwa, na ncha ya mwisho unaiacha imekunjwa kwa sababu miaka ijayo haijulikani. Juu yake unaweka maua kwa mambo mema, mawe kwa mabaya, na vijiti kwa yale uliyowatendea wengine. Pale warshani hakuna aliyeambiwa alifungue jiwe lake mbele ya watu. Unaliweka, unalitaja kwa maneno mawili matatu, basi. Kulifungua ni kazi ya baadaye, na mnasihi peke yake, jiwe kwa jiwe, kwa vikao kadhaa.

Shemeji aliweka maua yake ya utotoni, la shule, la mshahara wa kwanza, la harusi. Kisha mawe, manne, yamekaribiana mno. Kijiti kimoja alikishika muda mrefu, mwishowe akakiweka bila kusema neno. Baada ya hapo kamba ilikuwa tupu. Mkewe akaiangalia, akainuka, akaenda kuchuma ua uani na kuja kuliweka katikati ya mawe, kati ya jiwe la pili na la tatu. Mume akauliza, "Hilo la nini?" Akamwambia, "Mtoto alizaliwa." Jamani. Yule baba alikuwa amemsahau mwanawe wa pili. Mtoto mwenyewe anampenda, anamlisha, anampeleka chekechea. Ni siku ile ndiyo haikuwepo kichwani kwake, alipigiwa simu akiwa porini, akasema asante, akarudi kazini. Akaniangalia mimi, sijui kwa nini mimi, akasema, "Sikujua nimwekee wapi."

Sasa, nisikupambie. Baada ya warsha ile nilisoma sana, na mengine niliyoyasoma yalinipoza. Kuna mtindo wa kumchukua mtu aliyetoka kwenye tukio baya, kumkalisha mara moja, kumwambia amwage yote, kisha kumpa soda na cheti. Uchunguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2002 haukuona kwamba kikao kimoja cha namna hiyo kinazuia ugonjwa, na kwa baadhi ya watu kilionekana kuleta madhara. Jeshi la Marekani nalo, mwaka 2009, lilianzisha mpango mkubwa wa kuwafundisha askari wake wote ustahimilivu, kwa msaada wa Martin Seligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Wapo wanasaikolojia waliohoji tangu mwanzo kama ushahidi unatosha. Kuimarisha mtu kabla hajaumia ni jambo moja, kumtibu aliyekwisha kuumia ni jambo jingine, na semina moja ya hoteli haiwezi kufanya yote mawili.

Ndiyo maana napenda zaidi mfano wa Rwanda. Tangu 2005, kuanzia Byumba, kuna vikundi vya jirani na jirani vinavyokutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15. Wenyewe wanaviita Mvura Nkuvure, yaani niponye nami nikuponye. Wajane wapo, waliotoka gerezani wapo, wapiganaji wa zamani wapo. Wanaanza na usalama, wanakwenda kwenye kuaminiana, na kumbukumbu zenyewe wanazigusa mwishoni kabisa. Huna haraka. Wiki ya kwanza mnaweza kubishana tu nani ataleta maji ya kunywa.

Yule mama muuguzi anajua hayo. Aliniambia wazi kwamba siku tatu zake ni mlango tu. Siku ya mwisho kila mtu aliondoka na tarehe ya kikao cha peke yake, na sajini alikuwa na namba ya simu ya kila mmoja. Nilimuuliza ni wangapi huwa wanarudi. Akasema, "Wanaorudi ni wale ambao wake zao wanajua kwa nini wanakwenda." Kwa wengi kikwazo ni hofu. Hofu ya kuitwa kichaa, hofu ya kuonekana hafai kwa misheni ijayo na posho yake. Mwanaume atakwambia anakwenda kuangalia mpira kabla hajakwambia anakwenda kwa mnasihi.

Wewe uliye na mtu wa namna hii nyumbani, yale niliyomshauri mwenzako yafute. Usimguse akiwa usingizini. Simama miguuni mwa kitanda, washa taa, mwite jina lake, mwambie wewe ni nani na mko wapi. Kulala vyumba viwili kwa muda si talaka, mradi mmekubaliana na watoto wameelezwa kwa lugha yao. Usimwambie "sahau". Usimlazimishe pia akueleze kila kitu, wewe si mnasihi wake, na kuna mambo ukishayasikia yatakuwa yako. Pombe muiongelee mchana, akiwa hajanywa. Na akikupiga akiwa macho, shoga yangu, hilo halina kamba wala maua. Ondoka na watoto uende mahali salama kwanza, matibabu yake yataendelea wewe ukiwa huko. Ugonjwa unaeleza mengi, hauruhusu yote.

Akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake, usisubiri warsha. Hospitali, siku hiyohiyo, usimwache peke yake njiani.

Yule dada ananitumia ujumbe mara mojamoja. Shemeji amefanya vikao sita. Bado analala sebuleni, ila godoro sasa liko sakafuni, na mke naye amehamishia la kwake huko, umbali wa hatua tatu. Wamepima kwa miguu. Mwezi uliopita zilikuwa tano.

Nami nilikwenda nyumbani. Nilifika jioni, nikasalimia mlangoni kama tulivyofundishwa, "Baba, ni mimi." Usiku saa kumi nikasikia redio. Nikatoka, nikavuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa mlango. Nilikuwa nimeandaa maswali, nina shahada ya mawasiliano bwana, kuhoji watu ndiyo kazi yangu. Yote yakanikimbia. Nikauliza tu, "Baba, kule Uganda mlikuwa mnatembea kwa miguu?"

Alinyamaza mpaka nikadhani hajasikia. Halafu akapunguza redio.

"Nani kakwambia uniulize?"

"Hakuna, Baba. Nimetaka kujua mwenyewe."

Akaanza na viatu. Alizungumzia viatu kwa karibu saa nzima: jinsi vilivyojaa maji kwenye kinamasi cha Lukaya, Machi 1979, jinsi ngozi ya miguu ilivyobanduka pamoja na soksi, na jinsi rafiki yake mmoja alivyomwazima jozi yake ya pili, vikubwa, wakavijaza nyasi ili vimkae. Hakunitajia jina la huyo rafiki, na sikuuliza. Adhana ilipoadhiniwa akasimama, akafungua mlango akatazama nje, kisha akauacha wazi. Akasema chai ikiwa tayari nimwite.